Watoto wa Meno ya Juu

Wanangu wa wodi ya wazazi,

Siku mliyoniaga mlinipa kanga, keki iliyoandikwa jina langu kwa sukari, na maneno mengi. Mmoja wenu akasimama akasema kwamba mimi ni shujaa wa akina mama wa huku kwetu. Nilikula keki. Kisha mkaniomba niandike niliyoyaona kazini, ili wanaokuja nyuma yenu wasome. Nimekubali. Kuandika nilijifunza ukubwani, katika darasa la ngumbaru, na mwalimu alikuwa akiniambia herufi zangu zinayumba kama walevi, basi mnivumilie. Lakini hilo neno la ushujaa siwezi kuliacha likae lilivyokaa. Nitaeleza nilivyoanza, na mkimaliza kusoma mtaamua wenyewe kama ile keki ilikuwa haki yangu.

Nilianza Munje, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kabla hatujapata zahanati. Aliyenifundisha ni Bi Kidawa. Alikuwa mkunga wa kijiji kizima, mwanamke mfupi, mkali, asiyecheka mpaka mtoto alie. Siku ya kwanza nilipokwenda kwake sikuulizwa habari za nyumbani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hebu leta mikono."

Nikamwonyesha. Akaishika, akaigeuza huku na huku kama mtu anayechagua ndizi.

"Kucha hizi ni za kwendea arusini au za kufanyia kazi?"

"Nilisahau kukata, bibi."

"Basi kata sasa hivi, nakutazama. Mtoto hakuja duniani kuparuzwa na weye."

Zana zake zilikuwa chache. Wembe mpya, uzi wa pamba, mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe, na vitambaa alivyovifua kwa maji yanayochemka. Hakujua habari za vijidudu. Alichemsha kwa kuwa mamake alichemsha. Alinifundisha kuweka mkono tumboni na kuuacha pale, bila kusukuma, mpaka tumbo lenyewe liseme. Nilikuwa na papara. Akaniambia, "Mkunga mwenye haraka aende akauze samaki." Nyinyi leo mna saa ukutani na karatasi ya kuchora mistari, na bado nimewaona wengine wenu mnasukuma. Acheni.

Mpaka hapo kazi yangu naweza kuisimulia mbele ya mtu yeyote. Lakini Bi Kidawa alikuwa na kazi ya pili, na hiyo nayo alinirithisha.

Mtoto akikaribia kuota meno, nyanya yake mzaa baba alimleta kwa mkunga apapaswe ufizi. Mkunga alinawa, akapaka mafuta ya nazi kwenye kidole cha shahada, kile kile tunachokiinua katika sala, akakipitisha ufizini taratibu. Jino la kwanza likiwa chini, vigelegele vilipigwa na watu wakala halua. Likiwa juu, mtoto aliitwa kigego. Walisema kigego hula watu wa kwao mmoja mmoja, kwanza baba, kisha mifugo, kisha shamba. Mashehe walikuwa wamekwisha kuikataza imani hiyo, na serikali vile vile, na nyumba nyingi zilikuwa zimeiacha. Si zote. Zile zisizoiacha zilikuja kwa Bi Kidawa bila kupiga hodi kwa sauti, na yule nyanya alisema maneno haya tu: "Mtoto huyu ana homa."

Mtoto hakuwa na homa. Neno lile lilikuwa agizo.

Mara ya kwanza nilimshikia Bi Kidawa mtungi wa maji. Sitaandika zaidi ya hapo. Nilikuwa na mtoto wangu wa kunyonya nyumbani, nikarudi nikamnyonyesha, na maziwa yalitoka kama kawaida. Nilidhani yangekauka. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba mwili wangu haukuona ajabu.

Nilimwuliza Bi Kidawa kama yeye hulala. Akasema, "Nalala vizuri. Sisi hatuui. Tunarudisha." Nikalichukua neno hilo nikalitumia kama mtu anavyotumia mkongojo. Tunarudisha. Ukilisema mara nyingi, kidole hakitetemeki.

Mara ya pili nilikuwa peke yangu, kwa maana Bi Kidawa alikuwa amekwisha kuwa mgonjwa wa miguu. Aliyekuja ni Bi Mishi, mwanamke mwenye mali kidogo na sauti kubwa, mwenye wana wawili. Alimleta mtoto wa mwanawe mkubwa, mvulana, jina lake Athumani. Mama wa mtoto, Mwanasiti, alikuwa shambani akichuma korosho. Nilipapasa. Nikakuta vitu viwili vidogo, vigumu, vyeupe, ufizi wa juu. Mtoto alikuwa bado mchanga, wala hajajua kukaa. Alikinyonya kidole changu kwa yale mafuta.

"Ana homa huyu," alisema Bi Mishi, akitazama mlangoni.

Nikasema, "Nimeona."

Jioni Mwanasiti aliambiwa kwamba mwanawe ameshikwa na degedege, na kwamba mimi nilihangaika naye mpaka mwisho. Alinijia baada ya matanga. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, wa rika langu. Aliniletea kuku. Alisema, "Dada, Mungu akulipe. Najua ungaliweza ungalimwokoa." Yule kuku nilimpokea. Nilimchinjisha, nikampika, nikamla. Naandika hili kwa sababu watu wakisimulia dhambi zao huziacha zile ndogo, na mimi ile ndogo ndiyo inayoniamsha.

Tangu siku ile Mwanasiti akawa rafiki yangu. Tulikwenda kisimani pamoja. Aliponiletea samaki alinichagulia wanono. Nilikuwa nikiitikia salamu zake nikitazama miguu yake.

Baada ya hapo serikali ilifungua zahanati karibu na kwetu, na wakunga wa vijiji wakaitwa kufundishwa. Bi Kidawa alikataa. Mimi nilikwenda, si kwa kupenda elimu, bali kwa sababu huko nilikuwa mbali na kisima. Mwuguzi wetu alikuwa Bi Rehema, mtu wa Mombasa, aliyevaa kofia nyeupe na viatu visivyotoa sauti. Alinifundisha mengi mnayoyajua: kuchemsha wembe, kufunga kitovu pande mbili kabla ya kukata, kukagua kondo la nyuma lisibaki kipande. Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Aliniambia nina mkono mwepesi. Hakujua umepata wepesi wapi.

Asubuhi moja alikuja mama wa Diani na mtoto mchanga, analia kwamba mwanawe ameota meno juu na watu wa nyumbani wamekwisha kuanza kunong'ona. Bi Rehema alimfungua mtoto mdomo, akacheka kidogo.

"Njoo uone," akaniita. "Haya si meno. Ni vijipele tu vya ufizi. Watoto wachanga wengi huwa navyo. Vyaondoka vyenyewe, hata dawa havitaki."

"Utajuaje kwamba si jino?" nikauliza.

"Papasa. Jino lina makali. Hiki ni mviringo. Na ukigonga kwa kijiko, jino litalia, hiki hakilii. Mbona umekaa chini? Wewe waumwa?"

Sikuwa najua kwamba nimekaa chini. Kidole changu kilikuwa kimekumbuka kabla ya mimi kukumbuka. Vile viwili vya Athumani vilikuwa mviringo. Havikuwa na makali. Mtoto yule, hata kwa sheria ya hao waliomtaka afe, hakuwa na kosa. Angaliachwa kwa majuma machache tu, vingalitoweka, na siku ile Mwanasiti angalikuwa anamkaripia kwa kuchelewa kutoka chuo cha Kurani.

Nyinyi mnaweza kudhani hapo ndipo nilipotubu. Sivyo. Hapo ndipo nilipojifunza kujificha vizuri zaidi. Nilichukua kijiko cha bati nikaanza kuzunguka, Munje, Msambweni, mpaka nyumba za njia ya Ukunda. Kila nilikoitwa kupapasa nilipapasa, nikagonga kijiko mbele ya watu, nikasema, "Sikilizeni. Hakilii. Si jino hili." Niliwafundisha na wale nyanya wagonge wenyewe. Watoto kadhaa walipona kwa kijiko hicho. Watu wakanisifu. Waliniita "Bi Mwanamisi wa kijiko", na mimi nilipenda kuitwa hivyo, nitawadanganya nini. Nilipita njiani nimeinua kidevu. Nilikuwa nikijiambia kwamba hawa walionusurika wanamlipia Athumani. Lakini angalieni ubaya wa maneno yangu ya siku zile. Nilikuwa nikisema, "Huyu si kigego, mwacheni." Sikusema hata mara moja, "Hata akiwa kigego, mwacheni."

Miaka ya hamsini ilikuwa yaelekea mwisho Bi Mishi aliponiita tena.

Safari hii alikuwa mtoto wa mwanawe mdogo. Mke wa huyo kijana, Zuhura, alitoka Samburu huko bara, kwa watu wa ng'ombe na mbuzi, msichana mdogo asiye na ndugu hata mmoja upande wetu wa kumtetea. Mtoto wake aliitwa Mwanajuma. Nilifika adhuhuri. Uani palikuwa na wanawake wengi wakipika, kwani palikuwa na hitima ya mzee wao aliyefariki. Mwanasiti alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi, kanga ameifunga kichwani. Aliniona akatabasamu.

"Karibu, dada! Umekuja kula au kufanya kazi?"

"Bado sijajua," nikasema.

"Basi ukijua, nazi hizi hapa zakungoja!" Wanawake wakacheka.

Bi Mishi alinivuta chumbani. Zuhura alikuwa amekaa kitandani amemkumbatia mwanawe, macho yamemvimba. Nilinawa, nikapaka mafuta, nikapapasa. Nikakuta makali. Nikafungua mdomo nikatazama. Meno mawili ya juu, meupe, yamechomoza kama punje za mchele, na chini ufizi mtupu.

"Ni vijipele," nikasema.

Bi Mishi alitoa kijiko upindoni mwa kanga yake, akamwinamia mtoto, akagonga kama nilivyomfundisha mimi mwenyewe. Kikalia. Tik. Akagonga tena, akinitazama mimi usoni, si mtoto.

"Wasikia? Weye ndiye uliyesema likilia ni jino."

Hila yangu yote ilikuwa mkononi mwake.

"Bi Mishi, watoto wengi huota juu kwanza. Hawana kosa."

"Mzee wetu amekufa. Ng'ombe wawili wamekufa. Na weye waniambia hana kosa?" Akapunguza sauti. "Mtoto huyu ana homa."

Zuhura hakuijua maana ya neno lile, maana si wa kwetu. Akamgusa mwanawe shingoni. "Mbona hana homa, mavyaa? Mbona yu baridi?"

"Nyamaza wewe." Kisha akanigeukia mimi. "Usijitie ushehe. Ya Athumani ulifanya, na hili utalifanya. Au nimwite mamake nimwambie aliyekula kuku wake ni nani?"

Nitawaambieni nilichofikiri, maana hilo ndilo mliloniomba niandike, ijapokuwa hamkujua. Sikumfikiria Mwanajuma kwanza. Nilimfikiria Mwanasiti na lile tabasamu lake. Niliona naweza kumchukua mtoto, nikasema namtibu, nikamtorosha kwa watu wa Zuhura. Lakini Bi Mishi angemfuata, au angemngoja mtoto wa pili na wa tatu, na kila mara angenishika kwa kamba ile ile. Kamba yenyewe nilikuwa nimeisokota mimi. Niliona tena kwamba naweza kusema ndiyo. Naam, nililiona na hilo, na halikuwa mbali. Mikono ilikuwa inajua njia.

Nikamwambia Zuhura, "Nipe mtoto, na unifuate. Usibaki nyuma."

Bi Mishi alidhani nimekubali. Akasogea nipite. Nilitoka mpaka uani, katikati ya masufuria, nimempakata Mwanajuma. Jua lilikuwa kali na mtoto akajificha uso shingoni mwangu.

Nikasema kwa sauti, "Wanawake, nisikilizeni. Mtoto huyu ameota meno ya juu. Ni meno kweli, nimepapasa. Na Bi Mishi anataka nimwue."

Miko ilisimama. Bi Mishi alipiga ukelele nyuma yangu, "Mwongo huyu! Ameingiwa na shetani!"

"Si mwongo. Anajua kwamba naweza, kwa sababu nimewahi. Nimeua watoto wawili kwa mikono hii. Kwa mmoja nilishika mtungi tu. Wa pili nilimwua peke yangu." Nikamtazama Mwanasiti, maana nilimwibia mengi na sikutaka kumwibia na hili, la kuambiwa ana kwa ana. "Wa pili ni Athumani wako. Hakufa kwa degedege. Wala hayakuwa meno. Nilikosea hata hapo. Kama kuna mkosi katika nyumba hii, ni mimi. Mtoto hana lake."

Mwanasiti alikuwa angali ameshika kifuu cha nazi. Aliendelea kukuna kidogo, mara mbili au tatu, kama mtu ambaye mkono wake haujaambiwa. Kisha akakiweka chini. Akainuka. Nilifikiri atanipiga, na ningalishukuru. Alikuja mpaka nikasikia pumzi zake.

"Nipe mtoto," akasema.

Nikampa.

"Huyu usimshike tena. Maisha yako yote. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Akamgeukia mavyaa wake, sauti haijapanda hata kidogo. "Na wewe, mama, kuanzia leo mtoto huyu na mamake wanalala kwangu. Mwenye kumtaka aje apite juu yangu." Bi Mishi alitafuta mwenzake wa kumwunga mkono. Wanawake wote walikuwa wakitazama masufuria. Lakini mmoja, mzee kuliko wote, alisimama akaenda kukaa karibu na Zuhura, na mwingine akafuata.

Kisha Mwanasiti akaniuliza, "Yuko wapi?"

Kaburi walilomwonyesha wakati wa matanga lilikuwa la kweli, namshukuru Mungu, na nilimwambia hivyo. Akatikisa kichwa. "Siulizi kaburi. Nauliza ulimfanyia wapi."

Nilimpeleka. Alikwenda mbele yangu na Mwanajuma begani, nami nikimwelekeza kwa mdomo tu, kulia, kushoto, mpaka nyuma ya nyumba ya marehemu Bi Kidawa, penye shina la mdimu. Alisimama pale muda mrefu. Mtoto alikuwa akimvuta kanga. Halafu akasema, "Basi. Nenda zako."

Nilikwenda kwa mzee wa mtaa nikamwambia yote, nikitaka anipeleke mbele ya sheria. Alisema mambo ya zamani yasifukuliwe, na nikaona usoni mwake kwamba yakifukuliwa yatamfikia na yeye. Nilimweleza Bi Rehema. Alivua kofia yake, halafu akasema nisizalishe mtu peke yangu tena mpaka yeye aseme. Ilichukua miaka kabla hajasema. Miaka hiyo nilifagia, nilifua mashuka, nilichemsha vyombo. Na siku za sokoni nilikwenda vijijini, na safari hii sikubeba kijiko. Nilisema, "Akiota juu, akiota chini, akiota ubavuni, mwacheni." Nilipoulizwa najuaje, nilisema najua kwa kuwa niliua. Milango mingi ilifungwa usoni mwangu. Nyumba nyingine zilisikiliza, na wako watu wazima leo wanaotembea ambao wasingalikuwako. Hao ndio mnaowataja mkiniita shujaa. Ni kweli wapo. Lakini hesabu yangu haianzii kwao.

Nimalize na siku moja ya kazi, kisha niweke kalamu.

Mwanasiti alipata mimba tena, baada ya kukaa muda mrefu bila mtoto. Uchungu ukawa mgumu, wakamleta zahanati asubuhi, na Zuhura na Mwanajuma wamefuatana naye. Mwanajuma alikuwa sasa anatembea na kusema. Mimi nilikuwa ndani natandika kitanda. Mwanasiti aliponiona alishika nguzo ya mlango.

"Huyo atoke."

Bi Rehema akaanza, "Lakini huyu ndiye mwenye mkono—"

"Atoke, au nizae njiani."

Nikatoka. Wanangu, mama akisema toka, tokeni. Msijitetee, msimwambie mna ujuzi gani. Nilikwenda jikoni nikawasha moto, nikachemsha maji, nikayapitisha dirishani. Bi Rehema alipotaka nguo nilipitisha nguo. Alipotaka uzi nilipitisha uzi. Nilisikia Mwanasiti akilia, nikajua kwa sauti tu kwamba mtoto amekaa vibaya, nikamwambia Bi Rehema kwa dirisha amgeuze mama ubavu wa kushoto. Hakuna aliyejibu, lakini nilisikia kitanda kikilia, akigeuzwa.

Mwanajuma alichoka kungoja mlangoni, akaja kukaa jikoni nilipo. Alikuwa na kipande cha muhogo. Alinitazama, akacheka, meno yote yamejaa mdomoni, ya juu na ya chini. Halafu huko ndani mtoto mchanga akalia, kilio kizima, chenye nguvu. Mwanajuma aliruka kwa furaha, akanijia mbio, akaninyoshea mikono yote miwili nimbebe tukamwone.

Niliiweka mikono yangu chini ya mapaja, nikaikalia.

"Mwite mamako," nikamwambia. "Mwite, atakubeba."